Kifaranga wa Kambale na Tonge Lake la Kwanza

Ndugu wakulima wa Ngara na Biharamulo, sogeza redio karibu, mwite mama watoto, na wewe mama mwite mzee, maana kazi tutakayoisema leo inahitaji macho ya watu wawili. Leo hatusemi habari za migomba, wala kahawa, wala mihogo. Tunasema habari za kambale, tena kambale akiwa bado mdogo kuliko punje ya mchele.

Mkulima aliyechimba bwawa bondeni anajua kilio chake ni kipi. Kilio ni vifaranga. Sato na perege hawana taabu: ukiwatia bwawani wanazaa wenyewe, tena wanazaa kupita kiasi mpaka bwawa linajaa samaki wadogo kama vidole. Kambale hafanyi hivyo. Atakula, atanenepa, atajaza mayai tumboni, lakini mayai hayo hatayatoa. Basi mkulima hulazimika kwenda mbali kununua vifaranga, awasafirishe katika mifuko ya maji kwa barabara ndefu, na akifika nyumbani ahesabu wangapi wamepona.

Wengine wamejaribu kuzalisha wenyewe. Mayai yaliangulika vizuri, maelfu na maelfu, furaha ikawa nyumba nzima. Siku ya tatu vifaranga wakaogelea. Siku ya tano wakaanza kulegea. Siku ya nane beseni likawa tupu. Mkulima akasema ni ugonjwa, jirani akasema ni jicho baya. Ndugu zangu, si ugonjwa wala si jicho. Ni njaa. Vifaranga walikufa njaa, na chakula kilikuwa mbele ya midomo yao. Jambo hilo ndilo tutakalolieleza leo.

KWA NINI KAMBALE HATAGI BWAWANI

Kambale wetu ni samaki wa mafuriko. Kule Ruvuvu na Kagera, mvua za masika zikinyesha na mto ukapanda juu ya majani, kambale huacha maji ya kina usiku na kuingia kwenye nyasi zilizofunikwa na maji mapya. Hapo hutaga. Mayai hunata kwenye majani. Yale maji mapya na zile nyasi humpa dalili mwilini kwamba wakati umefika. Bwawa lako halipandi wala halishuki, kwa hiyo dalili haipati.

Wataalamu waliokuwa Foumban nchini Kamerun, na wengine Bangui katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, walifanya kazi kubwa juu ya jambo hili katika miaka ya 1970. Walionyesha kwamba dalili ile inaweza kutolewa kwa sindano. Chini ya ubongo wa kila kambale mkubwa kuna tezi ndogo nyeupe kama kichwa cha pini, iitwayo pituitari. Tezi hiyo ndiyo yenye homoni inayoamuru mayai yakomae. Ukichukua tezi ya kambale mmoja, ukaisaga katika maji safi yenye chumvi gramu 9 kwa lita, na ukamchoma sindano jike mwenye uzito kama wa yule uliyemchukulia tezi, basi jike huyo hukubali kwamba masika yamefika. Sindano huchomwa kwenye nyama ya mgongo. Kuna pia homoni za dukani, lakini tezi haigharimu ila samaki mmoja, na samaki huyo mtamla.

Mchague jike vizuri. Tumbo lake liwe kubwa na laini, na ukilibonyeza kidogo yatoke mayai machache yenye ukubwa uliolingana. Dume utamjua kwa kijinyama kilichochongoka karibu na tundu la haja.

Baada ya sindano subiri. Hapa joto la maji ndilo saa yako. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25, mayai huwa tayari baada ya saa kama 11. Yakiwa na nyuzi 28 ni saa kama 8. Yakiwa na nyuzi 22, ngoja saa 15 au 16. Kwa hiyo ukimchoma saa 1 jioni na maji yana nyuzi 25, amka mapema, kwani saa 12 asubuhi ni wakati wake. Sisi wa milima ya Ngara tujihadhari: katika miezi ya Juni na Julai usiku una baridi, na maji ya bondeni hupoa sana. Nunua kipimajoto, usikisie kwa kidole. Msimu mwema wa kazi hii ni ule wa joto na mvua.

Wakati ukifika, mfute jike maji, umkamue taratibu mayai yaingie katika bakuli kavu. Dume wa kambale hakamuliki. Hana budi kuchinjwa, na mifuko yake ya manii ikatwe na kukamuliwa juu ya mayai. Tia maji safi kidogo, koroga kwa unyoya kwa muda wa dakika moja, kisha yatandaze mayai juu ya wavu uliowambwa ndani ya maji safi yanayopita polepole. Gramu moja ya mayai ina mayai kama 600 au 700. Jike wa kilo moja aweza kukupa makumi ya maelfu. Mungu amempa kambale mayai mengi kwa sababu porini wachache sana hupona.

Katika joto la nyuzi 25 mayai huangua baada ya siku moja na kidogo. Mayai yaliyogeuka meupe yamekufa. Yaondoe, maana huota ukungu na kuharibu wenzake.

AKIBA YA SIKU TATU

Kifaranga akitoka kwenye yai huwa amebeba kifuko cha kiini tumboni. Hiyo ni akiba aliyopewa na mama yake, nayo humtosha kwa siku tatu hivi. Katika siku hizo hahitaji chakula. Hujikusanya pamoja na wenzake chini kwenye pembe yenye giza. Mfunikie beseni, kwa kuwa hapendi mwanga mkali, na mbadilishie maji kwa upole. Usimpe chochote.

Siku ya tatu au ya nne utamwona anaogelea huku na huko. Akiba imekwisha. Kuanzia hapo una muda mfupi sana. Asipopata tonge la kwanza upesi, atadhoofika hata asiweze tena kukimbilia chakula, na hata ukimletea baadaye hatakula.

Sasa mkulima hufanya nini? Huchukua pumba laini, au unga wa mahindi, au kiini cha yai la kuku lililochemshwa, akanyunyiza. Kwa macho yake, amelisha. Lakini tazama mambo matatu.

Kwanza, kifaranga wa siku nne hana tumbo lililokamilika. Ana utumbo tu, nao haujaweza kukivunja chakula kikavu. Tumbo lenyewe huanza kufanya kazi siku nne au tano hivi baada ya kuanza kula. Ni sawa na mtoto mchanga: huwezi kumpa ugali na maharage ukasema umemshibisha.

Pili, mdomo wake ni mdogo, na chakula kinachojongea ndicho anachokipata kwa urahisi. Pumba huzama na kutulia chini.

Tatu, pumba iliyozama huoza. Ikioza hula hewa iliyomo ndani ya maji. Na hapa kuna jambo linalowadanganya wengi. Tunajua kambale mkubwa huishi hata katika matope, kwa kuwa huvuta hewa ya juu kama sisi. Basi tunadhani na mtoto wake ni hivyohivyo. La hasha! Kiungo cha kuvutia hewa ya juu hakiwi tayari mpaka kifaranga afikishe wiki mbili au tatu. Kabla ya hapo hutegemea hewa ya majini tu. Maji machafu humwua kwa saa chache.

Kwa hiyo chakula chake cha kwanza lazima kiwe hai. Wadudu wadogo mno wa majini, wale ambao ukichota maji ya bwawa la kijani katika bilauri na kuitazama juani unawaona wanarukaruka kama vumbi lenye uhai, hao ndio maziwa ya kifaranga wa kambale. Wadogo zaidi huitwa rotifa. Wakubwa kidogo, wenye rangi ya wekundu wa kahawia, huitwa moina.

WENZETU WA BAHARINI

Taabu hii si yetu peke yetu. Huko pwani ya Kenya watu huvua samaki wa mapambo wenye rangi nzuri na kuwapeleka nchi za nje wakiwa hai, ili wafugwe katika masanduku ya kioo majumbani. Karibu samaki wote wa bahari wa namna hiyo huvuliwa porini, kwenye matumbawe, kwa sababu wengi wao ni vigumu kuwazalisha. Wako wanaolea watoto wao kirahisi kidogo, kama wale wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Hao huangua watoto wakubwa kiasi, wanaokubali kula rotifa, nao wamezalishwa kwa biashara tangu miaka ya 1970.

Lakini wako wengine ambao mtoto wao ni mdogo mno hata rotifa hamwezi. Kuna samaki mmoja wa rangi ya buluu na mkia wa manjano, ambaye yumo hata katika bahari yetu ya Hindi. Wataalamu walihangaika miaka mingi. Mayai waliyapata, watoto waliangua, na baada ya siku chache wote wakafa. Ni mwaka 2016 ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida huko Marekani walipofaulu kuwalea mpaka wakakua. Mwaka mmoja kabla yake, 2015, watu wa Hawaii walifaulu kwa ndugu yake wa rangi ya manjano. Kazi kubwa ilikuwa kupata na kulima wadudu wadogo sana wa baharini wanaoweza kuingia katika vinywa vya watoto hao, na kuwapa kwa wakati.

Ninawaambia haya kwa nini? Ili msivunjike moyo mkidhani mmeshindwa kwa ujinga. Wenye mashine na umeme walishindwa mahali hapohapo: kwenye tonge la kwanza. Na sisi tuna bahati, kwani kifaranga wa kambale ni mkubwa kuliko hao, na chakula chake kinaota katika samadi ya ng'ombe.

LIMA CHAKULA KABLA YA SAMAKI

Hii ndiyo kanuni ya leo, ishike: anza kulima wadudu wiki moja kabla ya kumchoma jike sindano. Mkulima hawezi kuoa leo ndipo aanze kujenga nyumba.

Chimba shimo la mita 2 kwa 3, kina nusu mita, mahali penye jua. Bonde likiwa la mchanga, pigilia udongo wa mfinyanzi au tandika karatasi ya nailoni. Jaza maji ukiyachuja kwa kitambaa. Weka samadi iliyokauka, ya kuku au ya ng'ombe, katika gunia, ulining'inize majini. Samadi ya kuku ina nguvu zaidi, hivyo weka kidogo kidogo. Baada ya siku chache maji yatakuwa ya kijani. Ukijani huo ni mimea midogo, nayo ni malisho ya wadudu. Sasa chota ndoo moja kutoka bwawa la zamani, ichuje kwa wavu ili usitie viluwiluwi, na umwage ndani ya shimo. Hiyo ndiyo mbegu. Baada ya siku nne mpaka saba utaona asubuhi mawingu mekundu-kahawia kandokando ya shimo. Hao ni moina. Umevuna.

Vuna alfajiri kwa kitambaa laini kilichoshonwa kama mfuko. Wapitishe kwanza katika chekecheo kubwa kidogo ili wadudu wakali wabaki juu, kisha wasuuze kwa maji safi ndipo uwape vifaranga. Kwa siku za kwanza, wakati wadudu bado wakubwa kwa midomo yao, chagua wale wadogo wanaopenya kwenye kitambaa chenye matundu madogo zaidi. Lisha mara nne mpaka sita kwa siku, na usiku pia, kwani kambale hula gizani. Yako mayai makavu ya mdudu aitwaye artemia, huuzwa katika makopo kutoka nchi za nje. Ni mazuri sana, lakini bei yake ni kubwa. Shimo lako la samadi litakusaidia.

Utajuaje kama wameshiba? Chukua vifaranga kumi katika bilauri, uitazame juani. Tumbo lililojaa ni la mviringo na lina rangi ya chakula. Tumbo lililobonyea ni la njaa. Usitegemee kwamba umewapa. Tazama kama wamekula.

Baada ya siku tano mpaka saba za chakula hai, anza kuchanganya unga wa dagaa uliosagwa na kuchekechwa laini kabisa. Leo kidogo, kesho zaidi, huku ukipunguza wadudu. Ondoa mabaki kila siku.

BWAWA LA KULELEA

Asiyekuwa na nafasi ya kulisha mara sita kwa siku anaweza kutumia bwawa dogo la kulelea, la mita 10 kwa 10. Lakini nalo lina masharti. Likaushe kabisa mpaka udongo upasuke. Tia chokaa, hasa udongo wetu ukiwa mchachu. Tia samadi, kisha jaza maji kupitia wavu. Weka vifaranga ndani ya siku tatu mpaka tano baada ya kujaza, siku hiyohiyo waanzapo kuogelea.

Kwa nini haraka? Kwa sababu rotifa hutangulia, kisha huja moina, na baada yao huja maadui. Ukichelewa wiki mbili, bwawa litakuwa na watoto wa kerengende na mende wa maji, nao watawamaliza vifaranga wako mbele ya macho yako.

Adui mwingine ni chura. Watu wa utafiti waligundua kwamba bwawa lisilo na uzio hupoteza vifaranga wengi mno kuliko lenye uzio. Zungushia mabati ya zamani au karatasi ngumu ya nailoni, ukizike upande wa chini ardhini. Kamba zilizotandwa juu ya bwawa humzuia mdiria.

Hapa nina onyo kubwa. Msitumie chandarua cha mbu chenye dawa kuchuja maji, kufugia vifaranga au kuzuia chura. Dawa iliyomo ni sumu kali kwa samaki na kwa wadudu wao. Mkulima aliyetumia chandarua hicho ataua shamba zima asijue kilichotokea. Chandarua hicho ni cha kitanda cha mama na mtoto, kibaki huko. Kadhalika, msichukue magugumaji ya mto Kagera kuyapanda bwawani kwa ajili ya mayai kunata. Yataziba bwawa lote.

WASIJE WAKALANA

Kambale hula ndugu yake. Mwanzoni humng'ata mkia, na akizidi ukubwa humeza mzima. Aliyeshiba hula ndugu kidogo, mwenye njaa hula sana. Dawa ni mbili: chakula cha kutosha, na kuwachambua. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, wapitishe katika chombo chenye matundu. Wakubwa wakae kwao, wadogo kwao. Baada ya wiki nne au tano katika bwawa la kulelea, wanafaa kuhamia bwawa kubwa au kuuzwa.

FAIDA IKO WAPI

Huenda ndugu mmoja wa Rulenge atauliza: taabu yote hii ya nini? Kwanza, hutasafiri tena kwenda kununua mbegu, na vifaranga waliozaliwa katika maji yako hawapati msukosuko wa safari. Pili, jirani mwenye bwawa ni mteja. Tatu, wavuvi wa sangara katika Ziwa Victoria wanaotumia ndoano huhitaji kambale wadogo walio hai kuwa chambo, na kutoka Biharamulo mpaka ufukoni Chato si mbali. Waulize kwanza wanataka ukubwa gani na wangapi kwa wiki, ndipo uzalishe. Nne, kambale mdogo anayevuliwa kwenye vinamasi kwa chambo ni kambale mkubwa tuliyempoteza kesho.

Kuhusu samaki wazazi: kabla ya kuwakamata mtoni au ziwani, pita kwa afisa uvuvi wa wilaya upate ruhusa na ushauri. Burigi sasa imo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019, si mahali pa kwenda kuvua ovyo. Atakayetaka kujifunza zaidi, Chuo cha Uvuvi Nyegezi, Mwanza, kinafundisha ufugaji wa samaki, na mwanzoni ni vema kumwona mtu akifanya kwa mikono yake kuliko kusikia redioni tu. Fanya mara ya kwanza kwa jike mmoja, na uandike katika daftari joto la maji, saa ya sindano, na idadi waliopona. Daftari la mwaka huu ndilo bwana shamba wako wa mwaka ujao.

Kabla hatujaagana, tukumbushane:

1. Lima wadudu wiki moja kabla ya sindano.
2. Pima joto la maji, ndilo litakalokuambia saa.
3. Usilishe siku tatu za kwanza. Kuanzia hapo usikose hata mara moja.
4. Chakula cha kwanza kiwe hai. Unga wa dagaa ufuate baada ya siku tano mpaka saba.
5. Maji safi, kwa maana kifaranga bado hajui kuvuta hewa ya juu.
6. Zungushia bwawa uzio, na chandarua chenye dawa kisiguse maji.
7. Chambua wakubwa na wadogo.

Basi ndugu wakulima, kwa leo tunaishia hapa. Usiku huu, mkimaliza kula, chukueni tochi na bilauri mwende bwawani, mchote maji mkayatazame. Mkiona vumbi linalorukaruka, chakula mnacho tayari. Aliyebaki ni kambale. Kwaherini, na kazi njema.